Rangi ya Tofali

Siku ya soko hapa Ogembo, Kisii, nchini Kenya, haipiti siku hizi bila mtu kusikia neno "antioksidanti". Linatoka kwenye spika iliyofungwa juu ya gari dogo karibu na stendi ya matatu, katikati ya wauza ndizi na akina mama waliopanga managu kwa mafungu. Muuzaji hulitamka katika Kiswahili, hulifafanua kwa Ekegusii, kisha huinua chupa ya unga wa kijani na kutangaza kwamba unasafisha damu, unaondoa sumu, na mwenye kisukari akiutumia ataachana na sindano. Watu hununua. Nimewaona wazee wakifungua noti zilizokunjwa ndani ya leso, na nimemsikia mama mmoja akiuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wa miaka 12 anaweza kupewa.

Swali la mama huyo halijaniacha. Neno lenyewe si la uongo. Ndani ya damu ya kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi usiku na mchana kuzuia seli zisiharibiwe na mabaki ya oksijeni, na kazi hiyo ni nzito zaidi kwake kuliko kwa mwenzake asiye na ugonjwa. Kinachoniuma ni kwamba maarifa haya yametufikia kupitia spika ya biashara, tena yamechelewa. Tulikuwa na mtu wetu aliyeyahitaji miaka ya tisini.

Alikuwa dada yangu, mtoto wa baba mdogo. Tulikulia boma moja, tukalala nyumba ya bibi, tukaanza shule pamoja. Ugonjwa ulimwanza mwaka 1991 tukiwa darasa la saba. Alianza kunywa maji kupita kiasi. Usiku alikuwa akitoka nje mara kwa mara, na asubuhi sisimizi walijazana pale alipokojoa nyuma ya nyumba. Bibi ndiye aliyewaona kwanza. Akasimama akiwatazama, hakusema neno. Baada ya majuma machache sare ya shule ilikuwa ikimning'inia mabegani, na uso wake umebaki macho tu.

Miaka ile ukondefu ulikuwa na maana moja midomoni mwa majirani, yaani UKIMWI, na msichana wa miaka 13 hakusazwa na minong'ono hiyo. Wengine walitaja uchawi, na Gusii tunajua tuhuma za namna hiyo zinaweza kufika wapi. Zimewahi kuua watu wasio na hatia. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa ana malaria. Siwezi kushangaa sana, kwa sababu malaria ilikuwa ikivamia milima yetu kila baada ya mvua ndefu, na mtoto aliyelegea alipewa klorokwini kabla hata ya kuulizwa maswali. Lakini pia alitundikiwa chupa ya maji ya sukari ili apate nguvu, na jioni ile akaanza kuvuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, zenye harufu ya matunda yaliyochacha. Alibebwa akiwa amezimia, kwenye pikapu, hadi hospitali nyingine, na huko afisa mmoja mwenye busara akaupima mkojo wake kwanza. Alizinduka siku ya pili.

Wengi hawakuzinduka. Donald McLarty, Swai na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wapya wa kisukari waliofika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya 1981 na 1987, na mwaka 1990 wakachapisha waliyoyaona: miongoni mwa waliohitaji insulini, hali kama ile iliyomzidi dada, ya damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, ndiyo iliyoongoza katika kuua. Insulini ilikuwa imekwisha kujulikana tangu 1921. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa huko Toronto mwezi Januari 1922, na waliogundua dawa hiyo waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja ili isiwe mali ya mtu. Miaka 70 baadaye, baba mdogo alikuwa akiuza kuku na ndizi ili apate chupa moja.

Chupa yenyewe naikumbuka vizuri. Ilikuwa ya mililita 10, na hatukuwa na friji wala umeme. Ilikaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na kati ya vyungu hivyo kulikuwa na mchanga ambao bibi aliumwagia maji kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Sindano ilikuwa ya kioo na ilichemshwa kwenye sufuria ambayo haikuruhusiwa kupikiwa kitu kingine. Dada alijidunga mwenyewe pajani, akitazama pembeni mwanzoni, na baadaye bila hata kusita katika mazungumzo.

Sukari yake ilipimwa kwa maji ya bluu. Hospitali ilimpa testi tyubu, kitone, na chupa ya maji ya Benedict. Aliweka kiasi kidogo cha maji hayo, akadondosha matone manane ya mkojo, kisha akaipasha testi tyubu juu ya moto wa koroboi huku akiishika kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Sote tulikaa kimya tukisubiri rangi. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani kibichi ni sukari kidogo, manjano ni zaidi, rangi ya chungwa ni mbaya, na ikifika rangi ya tofali basi mambo yameharibika. Mara nyingi ilikuwa tofali. Na hata rangi ile ilikuwa habari ya saa zilizopita, kwa sababu mkojo huo ulikuwa umekusanyika kibofuni tangu alfajiri. Haikuweza kumwambia sukari ya damu iko wapi wakati ule, wala haikumwonya inaposhuka. Alijifunza kujua kushuka kwa kutetemeka kwa vidole vyake.

Tangu 1989 hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kutoza ada ya kuchangia gharama. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba mwisho wa mwezi chupa ilikuwa ikielekea kwisha na fedha hazijapatikana, na dada akawa anapunguza dozi. Hakuna aliyemwagiza. Aliinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu mistari, akavuta kidogo kuliko ilivyoandikwa. Hakuonekana mgonjwa siku zile. Alikuwa amechoka tu, anakojoa sana, na testi tyubu inasema tofali. Tulimwona akitembea, tukaridhika.

Mwaka 1993 tukaingia kidato cha kwanza, na hapa ndipo kumbukumbu yangu hukwama kila mara. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mtu wa vitendo. Siku moja alitupondea ndizi mbivu, akatia maji ya bluu, akaipasha testi tyubu, na rangi ikageuka mbele yetu. Darasa zima likapiga kelele kwa mshangao, ila dada. Yeye alikuwa ameliona jambo hilo kila siku jikoni kwa bibi. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba maji ya Benedict hutambua sukari. Hakujua kwamba alikuwa na mtaalamu wake kwenye dawati la tatu, na dada hakutaka ajue.

Majuma machache baadaye mwalimu alileta kipande cha ini la ng'ombe kutoka buchani. Alikikata vipande vidogo, akavitumbukiza katika haidrojeni peroksaidi, na povu likapanda likafurika juu ya testi tyubu hadi mezani. Alitueleza kwamba ini lina kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Tukaandika, tukachora, tukajibu maswali, tukaosha vyombo. Jaribio la sukari na jaribio la povu yalikuwa kwenye kurasa zinazofuatana za daftari moja. Kitabu hakikuyaunganisha, wala mwalimu. Mtu aliyeyaunganisha mwilini mwake alikuwa ameketi pale akifuta meza.

Leo naweza kuyaunganisha, na nataka kuyaeleza pole pole kama ambavyo ningependa sote tungeelezwa siku ile.

Seli huunguza sukari ndani ya sehemu ndogo ziitwazo mitokondria ili zipate nguvu. Katika kuunguza huko, kiasi kidogo cha oksijeni huponyoka kikiwa kimebeba elektroni moja ya ziada. Hiyo huitwa supaoksaidi, na huharibu inachokigusa: utando wa seli, protini, hata DNA. Mwili huipokea kwa zamu. Kimeng'enya cha kwanza, supaoksaidi dismutesi, kilichoelezwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi nayo ni sumu, kwa hiyo katalesi, ile ya ini la buchani, pamoja na glutathioni peroksidesi, huimalizia iwe maji. Cha kwanza kinahitaji shaba na zinki, na kile cha mitokondria kinahitaji manganizi; katalesi inahitaji chuma; glutathioni peroksidesi inahitaji seleniamu. Mtu mwenye afya hana habari na shughuli hii yote.

Kwa mwenye kisukari sukari hujaa kwenye damu. Misuli huihitaji insulini ili iipokee, lakini mishipa midogo ya damu, retina ya jicho, figo na neva huipokea bila kusubiri insulini. Sukari ikizidi nje, huzidi na ndani. Mitokondria huunguza kupita kiasi, supaoksaidi huongezeka, na vimeng'enya vinazidiwa kazi. Michael Brownlee wa New York alipendekeza mwaka 2001 kwamba kisima hiki kimoja cha supaoksaidi ndicho kinacholisha njia mbalimbali za uharibifu zilizokuwa zikichunguzwa kila moja peke yake. Tena, sukari hujibandika kwenye vimeng'enya vyenyewe: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1987 kwamba supaoksaidi dismutesi ikibandikwa sukari hupoteza uwezo wake. Mlinzi anadhoofishwa na kitu kile kile kinacholeta madhara anayoyazuia.

Kuna jambo jingine linalonihuzunisha zaidi. Mwaka 1996 Sigurd Lenzen na wenzake wa Ujerumani walipima jeni za vimeng'enya hivi zinafanya kazi kiasi gani katika viungo mbalimbali vya panya. Ini lilikuwa tajiri. Visiwa vya kongosho, mahali pa seli zinazotengeneza insulini, vilikuwa na glutathioni peroksidesi haba na katalesi haba mno. Kama tungepata visiwa hivyo vya kutosha na kuvitumbukiza kwenye testi tyubu ya mwalimu wetu, povu lingekuwa la kusikitisha. Kinga ya mwili inapozigeukia seli hizo, kama inavyofanya katika kisukari cha aina ya kwanza, inazikuta hazina akiba kubwa ya kujitetea. Dada hakula sukari nyingi mno, hakurogwa, na bibi hakumkosea kwa chochote jikoni. Laiti mtu angemwambia bibi hivyo, kwa sababu alijilaumu hadi kaburini.

Watoto na vijana wenye aina hii ya kisukari wamepimwa vimeng'enya hivi katika nchi nyingi tangu wakati huo, na matokeo hayafanani. Pengine supaoksaidi dismutesi inaonekana imeshuka, pengine imepanda kana kwamba mwili unajitutumua; glutathioni mara nyingi hupungua. Inategemea ugonjwa umedumu miaka mingapi, sukari imetulia kiasi gani, na kipimo kimefanywa kwenye seli nyekundu au kwenye utegili wa damu. Ndiyo maana kliniki za kawaida hazipimi vimeng'enya hivi. Anayesimama sokoni na kudai unga wake "unaviamsha" hana kipimo cha kuthibitisha hilo kwa mteja wake hata mmoja.

Septemba 1993, tukiwa bado tunayachora yale majaribio, majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada yalichapishwa. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye miaka kati ya 13 na 39, walikuwa wamefuatiliwa kwa wastani wa miaka sita na nusu. Waliojidunga insulini mara kadhaa kwa siku na kupima damu mara kwa mara walipunguza hatari ya madhara ya macho kwa 76%, ya neva kwa 60%, na ya figo kwa karibu nusu. Baadaye ikaonekana jambo la kutisha kidogo. Hata baada ya makundi yote mawili kupata matibabu yaliyolingana, wale walioanza na sukari ya juu waliendelea kudhurika zaidi kwa miaka mingi. Mwili ulikuwa umeiweka kumbukumbu ya sukari ya ujanani, na wataalamu wengi wanaamini kwamba uharibifu wa supaoksaidi ni sehemu ya kumbukumbu hiyo. Yaani ile miaka ya kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, ambayo tulimwona akitembea tukaridhika, ndiyo iliyokuwa ikiandikwa.

Ilisomwa mapema. Alipofika miaka 24 alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho la kushoto. Miguu ikafa ganzi, ikavimba, na figo zikaanza kushindwa. Mashine za kusafisha damu zilikuwa mbali, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Ni mwaka 2015, serikali ilipoanza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, ndipo zilipoanza kusambazwa katika kaunti zote. Dada alituacha mwaka 2006, akiwa na miaka 28. Alikuwa amefundisha shule ya chekechea hadi macho yalipokataa.

Kwa mtoto wa sasa mambo ni tofauti, na lazima niyataje kwa haki. Jirani yetu ana binti wa kidato cha pili mwenye ugonjwa ule ule. Anapata insulini bure kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Anachoma ncha ya kidole, tone dogo linagusa kijiti, na baada ya sekunde chache glukomita inamwonyesha namba ya sukari ya damu ya wakati ule ule. Hahitaji koroboi. Kliniki humpima HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na hapo hakuna kujificha. Namba yake ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko ya kabla yake.

Kuna tulivyovipoteza pia. Bibi alipika obokima, yaani ugali, ya wimbi na mboga ya chinsaga iliyochemshwa taratibu kisha ikalazwa kwenye maziwa hadi uchungu wake ulainike. Majani hayo yana vitamini C na karotini, wimbi lina madini, na wimbi zima halipandishi sukari kwa kasi ya mkate mweupe. Sisemi kwamba chinsaga hutibu kisukari, haikumtibu dada. Nasema mashamba yamegawanywa hadi yakawa vishamba, bustani ya mboga imekuwa nyumba ya kupangisha, na mtoto anayetoka shuleni hukutana na soda na mandazi kabla hajakutana na chakula. Tulipanda na kushuka milima hii kwa miguu kwenda shule na kurudi. Sasa watoto hupanda bodaboda. Mazoezi huongeza vimeng'enya vile vile tunavyovizungumzia, na mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake huko Ujerumani walionyesha jambo ambalo muuzaji wa spika hawezi kulipenda: vijana wenye afya waliofanya mazoezi huku wakimeza vidonge vya vitamini C na E hawakupata ongezeko la vimeng'enya walilolipata wenzao wasiomeza. Vitamini E ya vidonge ilikuwa imejaribiwa pia kwa maelfu ya watu walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, baadhi yao wenye kisukari, na majibu ya mwaka 2000 yakaonyesha kwamba haikuwakinga. Kijana wa kisukari atembee, abebe kitu kitamu mfukoni iwapo sukari itashuka, na apime kabla na baada.

Kupima ndiko kunakomtesa binti wa jirani. Insulini ipo, lakini vijiti hupungua kabla ya mwezi kwisha, na akipungukiwa hupima asubuhi tu, akakisia mchana na usiku. Mwezi uliopita bibi yake alinunua ile chupa ya kijani sokoni. Nilikaa na yule mama mzee tukasoma maandishi yake pamoja, nikamweleza kwamba bei yake ingekaribia kununua boksi la vijiti 50. Hakunijibu kwa muda. Kisha akaniuliza kama muuzaji anakubali kurudishiwa bidhaa iliyofunguliwa.

Binti mwenyewe hakuwa na haja na mjadala wetu. Alikuwa akijiandaa kwa kliniki ya Jumatano, ameandika maswali nyuma ya daftari lake kwa kalamu nyekundu. Anataka kujua kwa nini namba za alfajiri hupanda hata akilala na sukari nzuri. Anataka vijiti zaidi, na ameandika ni vingapi kwa siku na kwa sababu gani. Swali la tatu ni la figo: lini watampima protini kwenye mkojo na kumtazama macho, kwa kuwa Novemba anatimiza miaka mitano tangu agunduliwe. Ameniomba nimsindikize, maana mama yake Jumatano huwa sokoni.